Sungura wa Chumba cha Pasi

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho na kwenye orodha ya wafanyakazi, na huko ndiko lilikobaki. Kazini walimwita Sungura. Jina lilimpata kwa mambo mawili: alikuwa anakimbia, na alikuwa anatafuna. Kwa miaka mitatu mwanamke huyu hakutia mdomoni kitu kilichopita kwenye moto, wala kilichotoka kwa mnyama, na kwa chakula hicho alikuwa akikimbia kilomita mia moja kwa wiki. Waliomcheka walimcheka wakiwa wameketi. Yeye alikuwa keshapita.

Alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia nguo, chumba cha pasi. Shuka za hoteli na foronya za hospitali ziliingia pale kwenye vikapu vya magurudumu, nzito, zinanuka dawa, na zikatoka zimekunjwa kama barua. Mashine yake ilikuwa meza yenye mto mgumu juu, na juu ya mto huo bamba la chuma cha moto limening'inia kama mfuniko. Unatandaza nguo, unatoa mikono, unakanyaga pedeli, bamba linashuka, mvuke unakupiga usoni, unaachia. Mara mia nane kwa siku. Humo ndani watu walilowa jasho hata msimu wa baridi.

Saa saba mchana wenzake walifungua vyombo vyao vya wali na maharage. Yeye alifungua beseni: kabichi iliyokatwa nyembamba, karoti, nyanya, choroko zilizochipua, parachichi, mbegu za maboga zilizolala majini usiku kucha. Hapo alikuwa keshakula ndizi kumi na mbili tangu asubuhi.

"Sungura, leo umepika nini?" aliuliza Mama Pacha, mkunjaji wa shuka, ambaye hakuchoka na mzaha huo.

"Sijapika mimi, limepika jua."

"Basi liambie jua limesahau chumvi."

Wakacheka wote, na Sungura akatafuna. Kutafuna kwake kulikuwa kazi ya pili. Taya zilimuuma kabla miguu haijauma. Mapumziko yalikuwa nusu saa, na mara nyingi kengele ililia beseni likiwa nusu, akarudi mashineni na karoti shavuni.

Hakufika hapo kwa kutafuta sifa. Mama yake alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke mnene, mcheshi, aliyeonja kila sufuria kwa mwiko. Sukari ilimwingia polepole. Kwanza miguu ilianza kufa ganzi. Siku moja alitembea kutwa nzima na msumari uliotoboa ndala na kuingia nyayoni, asijue, mpaka Sungura alipoona damu kwenye sakafu ya jikoni akauliza nani amejikata. Mguu ule ulioza, ukakatwa chini ya goti, na miaka miwili baadaye mama akaufuata. Sungura ndiye aliyekuwa akimwosha kile kigutu. Alipotimiza miaka thelathini na mitano, akiwa mnene kama marehemu, alipimwa na kuambiwa sukari yake bado haijaingia ndani, lakini iko mlangoni inabisha hodi.

Akaanza kutembea. Kutembea kukawa kukimbia, na kwenye kukimbia akakutana na Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mstaafu wa jiografia, mwembamba kama ufito, amekula chumvi nyingi lakini haionekani mwilini. Kila Jumamosi asubuhi alikimbia kwenye barabara ya vumbi nje ya mji, saa ya kuhesabia mkononi, na siku moja alimpita Sungura akihema pembeni, akarudi nyuma, akamwambia, "Binti yangu, usikimbie kama unayefukuzwa. Kimbia kama unayeandamana na mtu." Tangu siku hiyo akawa ndiye huyo mtu. Kwa upande wa chakula Mwalimu hakuwa na dini. "Mimi nakula chochote ambacho hakijanitangulia kunila," alikuwa akisema.

Chakula kibichi Sungura alikipata kwenye simu. Aliona video ya mkimbiaji wa nchi ya mbali aliyekimbia milima kutwa nzima kwa matunda na majani tu, na akasimama nayo jikoni, sufuria ikitokota nyuma yake. Wazo lilimjia papo hapo, likamkaa kama ndoano: kila kitu alichokula mama kilipita kwenye moto. Kila kitu. Akazima jiko.

Na tuseme kweli, lilimfaa. Miezi minne alipungua kilo kumi na tano. Sukari ikaondoka mlangoni, na aliyempima akadhani kimekosewa kipimo, akampima tena. Magoti yakanyamaza. Mwaka wa pili alikimbia mbio ndefu, zile za kilomita arobaini na mbili, akatoka wa tatu kwa wanawake, yeye mpiga pasi asiye na kocha wala viatu vya maana. Picha yake ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha pasi, na Mama Pacha akamchorea masikio marefu kwa kalamu.

Alijifunza kujilisha njiani kama fundi anavyojifunza vifaa vyake. Tende aliziponda kwa chumvi na ndimu mpaka zikawa uji mzito, akazifunga kwenye vifuko vidogo vya plastiki, akajishonea mkanda wa kuvibebea. Kila nusu saa kifuko kimoja. Ndizi mbivu zenye madoa kabla ya mbio, nazi baada ya mbio. Alijua embe lipi hukaa tumboni na lipi huteremka kwa fujo.

Nyumbani mambo hayakuwa matamu hivyo. Mume wake alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache aliyerudi jioni na matope viatuni na njaa ya kweli. Sungura aliacha kupika kwa sababu harufu ya kitunguu kikikaangwa ilimtoa machozi ya hamu, kwa hiyo mume akajifunza kupika, yeye na binti yao wa miaka kumi na minne. Walikula saa moja. Sungura alianza saa kumi na mbili na kumaliza saa mbili, kwa kuwa beseni halimalizwi haraka.

"Zamani tulikuwa na meza moja," mume alisema siku moja. "Siku hizi tuna mpaka katikati."

"Nimekukataza kula?"

"Hujanikataza. Ila nakula kama mshtakiwa."

Mama mkwe alipokuja kuwatembelea alipika supu ya kuku, akaisogeza kwa mkwewe kwa mikono miwili. Sungura akaomba radhi. Bibi akamgeukia mwanawe. "Baba, hebu nijuze vizuri. Wewe umeoa, au umefuga?" Binti akacheka mpaka akapaliwa. Sungura naye alicheka, lakini ile supu ilikaa mezani mpaka ikapoa na kuganda mafuta, na hakuna aliyeigusa.

Mwaka wa tatu alijiandikisha kwa mbio za kilomita themanini, za kuzunguka ziwa. Mwalimu alikuwa amezijaribu mara mbili. Mara zote mbili alitolewa kwenye kituo cha kilomita sitini, kwa kuwa huko saa nane mchana ikipiga hujafika, unavuliwa namba. Alikuwa na miaka sitini na sita. "Safari hii ya mwisho," alimwambia Sungura. "Nikishindwa, basi ziwa limenishinda, nitaenda kulitazama nikiwa na kiti."

Walijiandaa pamoja, na hapo ndipo mwili wa Sungura ulipoanza kusema maneno asiyotaka kuyasikia. Alisikia baridi hata ndani ya mvuke. Nywele zilibaki kwenye kitana. Hedhi ilikatika; alipofika mwezi wa sita bila kuiona alijiambia kuwa amekoma mapema, wapo wanawake wa hivyo. Kisha, asubuhi moja akivaa soksi, aligundua kwamba anaziona zikipanda mguuni lakini hazisikii.

Ganzi.

Alikaa kitandani ameshika mguu wake kama kitu alichokiokota. Kichwani mwake hamkuwa na swali hata moja. Alijua. Ilikuwa sukari, ile ile, imezunguka nyumba na kuingia kwa dirisha. Mguu wa mama ulikuwa umeanza vivyo hivyo, vidole kwanza.

Mtu mwingine angekwenda kupimwa. Sungura hakwenda, kwa sababu alikuwa ameona kipimo kinakompeleka mtu. Alichofanya ni kukaza kamba. Aliacha tende, akizishuku kwa utamu wake, akaacha na embe. Akapunguza parachichi. Beseni likajaa majani. Kila asubuhi alijifungia bafuni na kioo kidogo cha binti yake, akatazama nyayo zake akitafuta kidonda. Na kadiri alivyokaza, ganzi nayo ilipanda: vidole, kisha unyayo, kisha kisigino.

Mwalimu aliligundua kwa masikio. Walikuwa wanateremka kilima, akasimama.

"Unakanyaga kwa kishindo. Zamani nilikuwa nageuka kuhakikisha kama bado upo. Una nini?"

"Viatu vipya, Mwalimu."

Mwalimu akatazama viatu. Havikuwa vipya sana. Akaendelea kukimbia.

Ajali ilitokea siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, wiki saba kabla ya mbio. Sungura alikuwa anatandaza foronya, mkono wa kushoto unanyoosha kona ya mbali. Mguu wake wa kulia, ambao kwa miaka kumi na moja ulijua wenyewe mahali pa kukaa, ulikuwa umesogea. Ulipanda juu ya pedeli na kuikanyaga, na yeye hakuusikia ukipanda wala ukikanyaga. Bamba likashuka juu ya mkono wake.

Alipiga yowe lililosimamisha mashine za chumba kizima. Mama Pacha ndiye aliyeruka na kumsukuma nyuma mpaka mguu ukatoka kwenye pedeli, na bamba likainuka. Ngozi ya mgongo wa mkono ilibaki kwenye foronya. Wakamkalisha chini ya bomba la maji baridi, na Mama Pacha akawa anamshika bega akirudia, "Mguu wako ulikuwa wapi? Sungura, mguu wako ulikuwa wapi?"

Lilikuwa swali lile lile aliloulizwa hospitali. Daktari alikuwa kijana, mtaratibu, amekwisha kuufunga mkono bandeji, na angeweza kumwachia aende zake. Lakini jibu la Sungura, "Sikuujua," halikumpendeza. Alimlaza, akamwambia afumbe macho.

"Nitakugusa mguuni kwa ncha ya sindano. Nikikugusa sema ndiyo."

Sungura akafumba macho, akangoja. Akangoja sana. "Daktari, nakusikiliza. Anza."

"Mama," daktari alisema polepole, "nimekugusa mara sita."

Hapo machozi yakamtoka. Alieleza yote: mama yake, msumari, kigutu, mbio, hedhi iliyokatika, sukari iliyoingia kwa dirisha. Daktari akamtoa damu, akamwambia arudi kesho yake. Siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko mbio yoyote aliyopata kukimbia.

"Sukari yako ni nzuri kuliko yangu," daktari alimwambia kesho yake. "Huna kisukari. Hujawahi kuwa mbali nacho kama sasa."

"Sasa miguu?"

"Unakula nini?"

Akamwambia. Daktari akaweka kalamu chini.

"Kuna vitamini inaitwa B12. Ndiyo inayolinda neva. Haimo kwenye majani, haimo kwenye matunda, hata ule shamba zima. Wapo watu wasiogusa nyama wala maziwa maisha yao yote na wana nguvu zao. Lakini wanameza kidonge, au wanachomwa sindano. Wewe ulikuwa unameza chochote?"

"Hapana. Vidonge ni vitu vya kiwandani."

"Yako imekwisha. Hata ya akiba imekwisha. Na hiyo hedhi haijakoma, imefungwa. Mwili ukinyimwa hubana matumizi."

"Sinyimwi, daktari! Nakula beseni zima!"

"Beseni la majani ni maji na nyuzinyuzi. Unashiba kabla hujatosheka. Na unakimbia kilomita mia."

Akamwandikia sindano, siku moja ndiyo siku moja hapana. Akamwambia ale vyakula vyenye nguvu, hata kama ni maharage yaliyopikwa tu, na apigwe picha ya mifupa. Na mbio aache, si wiki moja wala mbili. Miezi mitatu kwanza. "Mguu usiosikia hauwezi kukuonya. Ukipata ufa kwenye mfupa utakimbia nao mpaka uvunjike."

Sungura alitoka pale na mambo mawili yanapigana kifuani. Alikuwa mzima; hakuwa mama yake. Na alikuwa amejifanyia mwenyewe kile alichokuwa anakikimbia. Alitembea mpaka kituoni akiwa na hasira isiyo na mtu wa kumwangukia. Angewaambia nini kazini, walioweka picha yake mlangoni? Angemwambia nini mume wake, aliyekula miaka mitatu kama mshtakiwa?

Akaamua kutowaambia. Sindano alichomwa, hilo hakulikataa. Tende akazirudisha. Lakini jiko hakuliwasha, picha ya mifupa hakupigwa, na nyumbani alisema ajali ilikuwa ajali tu, mvuke, utelezi. Mume akamfunga bandeji jioni kwa mikono yake mikubwa, taratibu, kama anayefunga bomba la kioo, na Sungura akatazama ukuta.

Mwalimu alikuja kumjulia hali.

"Daktari amesemaje kuhusu mbio?"

"Amesema mkono hauna uhusiano na mbio. Niendelee."

"Na miguu? Nimeambiwa na wenzako kuhusu ile pedeli."

Sungura alimtazama machoni. "Miguu ni mizima, Mwalimu."

"Sawa," Mwalimu akasema. "Wewe ni mtu mzima, nakuamini."

Siku ya mbio walianza saa kumi na mbili, ukungu ungali juu ya ziwa. Watu mia mbili na zaidi. Sungura alikuwa na vifuko kumi na vinane vya tende kiunoni, na mpango ulikuwa kukimbia na Mwalimu mpaka kilomita sitini, kisha mwenye nguvu aende. Mwanzoni alijisikia vizuri kuliko siku zote. Kilomita ishirini, thelathini, arobaini. Wengine walianza kuchechemea, yeye hapana. Miguu isiyouma ni zawadi kwa mkimbiaji, na yake ilikuwa haiumi kwa sababu ilikuwa imenyamaza. Kila nusu saa alimkumbusha Mwalimu kunywa, naye Mwalimu akatoa viazi vya kuchemsha mfukoni akavila kwa mbwembwe mbele yake.

"Tuko mbele ya saa," Mwalimu alisema kwenye kilomita hamsini, na sauti yake ilikuwa ya kijana. "Tuko mbele kwa dakika hamsini! Binti yangu, leo ziwa limepata wenyewe."

Kilomita mbili mbele ya hapo palikuwa na mteremko wa mawe. Si mrefu, mita mia tatu hivi, njia nyembamba kati ya vichaka. Kila mkimbiaji aliupita akitazama mbele, akiiachia miguu itafute mawe yenyewe. Sungura aliiachia yake, na yake haikuona kitu. Alisikia mlio mkavu, kama kijiti, akageuka kutazama nani amekanyaga tawi. Kisha dunia ikapinduka.

Mwalimu alimkuta amelala ubavu, mguu wa kulia umekaa upande usio wake. Hakulia. Aliutazama tu.

"Unauma?"

"Kidogo," akasema. "Mwalimu, unauma kidogo tu." Na hapo, kwa kusikia maneno yake mwenyewe, ndipo alipoogopa, akaanza kutetemeka meno yakigongana.

Simu hazikushika huko bondeni. Mkimbiaji mmoja aliyepita aliahidi kupeleka habari kituoni, kilomita nane mbele. Sungura akamshika Mwalimu mkono. "Nenda. Una dakika hamsini. Nenda, gari litakuja."

Mwalimu akavua fulana yake ya juu, akamfunika. Akakaa kwenye jiwe.

"Nenda, Mwalimu, nakuomba."

"Unatetemeka. Simwachi mtu anayetetemeka."

Wakimbiaji waliendelea kupita, mmoja mmoja, wakiuliza hali na kupewa jibu. Ilipita nusu saa, ikapita saa nzima. Mwalimu hakuitazama saa yake. Kisha Sungura akaanza kusema, kwa sababu baridi, woga na aibu vilikuwa vimepasua lile pazia la siri. Alimwambia yote. Ncha ya sindano, mara sita. Miezi mitatu. Ufa. Alimaliza, nyayo za mtu zikiteremka kwa mbali.

"Nilikuuliza mara mbili," Mwalimu alisema.

"Ndiyo."

Mwalimu akatazama saa, kisha akaivua na kuitia mfukoni. Watu wa machela walifika saa nane kasoro robo.

Picha ilionyesha mifupa miwili imevunjika, na mmoja ulikuwa na ufa wa zamani uliokwisha kujaribu kuunga wenyewe. Alikuwa amekimbia nao kwa wiki kadhaa. Mume alifika hospitali akiwa na nguo za kazi, akamsikiliza yule daktari kijana akieleza kila kitu tangu mwanzo, kwa kuwa sasa hakukuwa na cha kuficha. Alisimama kando ya kitanda.

"Nilikufunga bandeji kila jioni," akasema. "Kila jioni. Ulishindwa kuniambia hata siku moja?"

"Niliona haya."

"Mimi nilidhani unaumwa ugonjwa wa mama yako. Niliona unavyojifungia bafuni na kioo, nikajua unaitazama miguu. Nilikuwa nangoja uniambie." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa nakupikia kichwani, kila siku, kitu cha kukubembeleza ule."

Walilia, ingawa si pamoja. Yeye alilia pale, na mume akaenda kulilia koridoni.

Mama mkwe alikuja na fimbo yake, akauangalia ule mguu uliotiwa plasta mpaka juu ya goti, akatikisa kichwa. "Nilikuwa na methali yangu, ile ya asiyesikia la mkuu. Lakini sasa niseme nini, na guu limekwisha kujisemea?" Kisha akaketi na kumkanda mguu wa pili, ule usiovunjika, kwa zaidi ya saa moja.

Alikaa nyumbani miezi mitano. Sindano aliendelea nazo, kisha vidonge. Nyama hakurudia, wala maziwa. Hilo alimweleza daktari, na daktari akasema si lazima. Lakini alikula maharage yaliyopikwa, na uji, na viazi, mwanzoni kama anayekula dawa, akisikia sauti ya mama yake katika kila mvuke wa sufuria. Binti alimpakulia na kukaa karibu akijifanya anasoma. Hedhi ilirudi mwezi wa nne, na Sungura akacheka peke yake bafuni kama aliyepata barua.

Alipoweza kutembea kwa magongo, safari yake ya kwanza ilikuwa kwa Mwalimu. Mke wa Mwalimu alimkaribisha, akamwekea kiti, akawaacha. Sungura alikuwa ameandaa maneno mengi. Yalitoka mawili matatu tu.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Nimekusamehe," Mwalimu akajibu haraka, kama mtu aliyekuwa ameliweka tayari. "Nimekusamehe siku ile ile. Mbio ni mbio. Mtu akianguka unasimama, hata adui."

"Lakini?"

"Lakini sitakimbia nawe tena. Si hasira. Njiani mtu anamtegemea mwenzake kwa neno lake. Nikikuuliza kama u mzima, jibu lako ndilo ramani yangu. Ulinitazama machoni, binti yangu. Sasa nitakuulizaje tena?"

Walikunywa chai. Walizungumza juu ya mvua.

Alirudi kazini mwezi wa sita. Mama Pacha alikuwa ameipaka pedeli rangi nyekundu na kupigilia ubao mdogo pembeni yake, mguu usipotee tena. Masikio marefu yalikuwa bado mlangoni. Msichana mpya wa kupanga foronya alimfuata siku ya tatu, akataka kujua ile siri ya chakula kibichi, maana amesikia kinapunguza mwili kama uchawi. Sungura alimwambia kwamba ni kweli kinapunguza. Kisha akakunja mkono wa koti, akamwonyesha kovu, akamsimulia mwanzo hadi mwisho, hata yale mabaya aliyowafanyia watu. Msichana alisikiliza kwa adabu. Haikujulikana kama alisikia.

Neva zilirudi, lakini si zote. Kisigino kilirudi kwanza, kwa maumivu ya moto, halafu unyayo. Vidole vinne vya mguu wa kulia havikurudi, na daktari alimwambia asivingoje. Mwezi wa kumi tangu avunjike alipewa ruhusa ya kukimbia kidogo, kwenye nyasi, kukiwa na mwanga, mahali tambarare. Akachagua uwanja wa shule, Jumamosi asubuhi, wakati hauna mtu. Alikimbia akiitazama miguu yake, kwa sababu haikuweza kuaminiwa bila macho. Mzunguko mmoja, akapumzika. Wa pili. Moyo ulikuwa na nguvu kuliko alivyodhani, na huzuni pia.

Katika mzunguko wa tano alimwona mtu amekaa kwenye ngazi za jukwaa, mwembamba, saa mkononi. Sungura hakusimama, na yule hakunyanyua mkono. Alipopita mbele yake, Mwalimu alisema, bila salamu, kwa sauti ya darasani:

"Mguu wa kulia unauburuta. Inua goti."

Akainua goti. Alimaliza mzunguko, akafika tena kwenye zile ngazi, na Mwalimu alikuwa keshafika getini, anatoka, mikono nyuma.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ile nyingine alikuja.